Diski ya Chumba Kimoja Haimfai Mwanafunzi

Kila anayesakinisha Debian hufika mahali ambapo programu inamuuliza diski igawanywe vipi. Akichagua njia ya kuongozwa, huwekewa mistari kadhaa. Wa kwanza unasema faili zote zikae katika sehemu moja. Wa pili unatenga sehemu ya /home. Wa tatu unatenga /home, /var na /tmp. Ubavuni mwa mstari wa kwanza pana maneno ya upole: unapendekezwa kwa watumiaji wapya. Wanafunzi wenzangu karibu wote wamebonyeza hapo, na aliyewasaidia naye alibonyeza hapo, kwa sababu nani kati yetu atajiita mzoefu? Mimi nadai kwamba maneno hayo yamebandikwa kwenye mstari usio wake. Mtumiaji mpya ndiye anayehitaji mstari wa pili kuliko mtu mwingine yeyote. Mzoefu ndiye anayeweza kumudu wa kwanza.

Mzoefu haharibu mfumo wake mara kwa mara, na akiuharibu anajua kuurekebisha bila kuufuta. Ana diski ya nje nyumbani. Pengine ana intaneti ya kutosha kupakia kazi zake zote usiku zikahifadhiwa mbali. Mtumiaji mpya hana hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, mtumiaji mpya hutangatanga: leo ameweka Ubuntu (jina ambalo sisi Warundi hatukuhitaji kutafsiriwa), mwezi ujao amesikia Mint ni nyepesi zaidi, na muhula ukiisha anarudi Debian. Kila anapohama hufuta. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aambiwe aweke mfumo na kazi zake zote katika chumba kimoja?

Nieleze kwanza kinachogawanywa, kwa ajili ya wasomaji ambao kazi yao ni ngeli na si gigabaiti. Diski moja inaweza kukatwa vipande, na kila kipande kompyuta hukichukulia kama diski ya peke yake: hufomatiwa peke yake na hujaa peke yake. Mafundi mjini husema patisheni. Mimi nitasema sehemu, na neno hilo nitalirudia baadaye. Katika Windows kila sehemu hupewa herufi, C au D, nawe unaiona waziwazi. Linux haifanyi hivyo. Ina mti mmoja tu wa folda, unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, /, na sehemu nyingine hupachikwa kwenye matawi ya mti huo. Mfumo wenyewe, yaani programu, maktaba zake na mipangilio yake, hukaa kwenye /. Kazi ya mtu hukaa ndani ya /home: insha, picha, rekodi, barua, hata kurasa alizoweka alama kwenye kivinjari. Ukiipa /home sehemu yake, siku za kawaida huoni tofauti yoyote. Tofauti huonekana siku mfumo unapokataa kuwaka.

Siku hiyo mwenye sehemu mbili huchomeka fleshi ya usakinishaji, huagiza / ifomatiwe, huagiza /home ipachikwe mahali pake bila kufomatiwa, hutumia jina lilelile la mtumiaji alilokuwa nalo, na haipiti saa moja kabla hajaiona meza yake kama alivyoiacha, na sura ya tatu ya tasnifu ikimsubiri. Mwenye sehemu moja huanza kutafuta rafiki mwenye diski ya nje.

Sisi wa Kiswahili tuna mengi ya kupoteza kuliko wanavyodhani wenzetu wa sayansi. Anayeandika memwari juu ya fasihi simulizi huenda Buyenzi au Rumonge, huketi na wazee, hurekodi. Rekodi ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani zaidi ya 600 kwa saa. Saa 20 za mahojiano ni kama gigabaiti 12.7. Hiyo haiingii kwenye barua pepe, haipakiwi kwenye intaneti kwa vocha ya mwanafunzi, na fleshi aliyonayo ni ya gigabaiti 8. Inabaki kwenye kompyuta, basi. Na mzee aliyesimulia mwaka jana huenda mwaka huu hayupo tena kurudia.

Mwenzetu mmoja alipeleka kompyuta yake kwa fundi kwa sababu haikuwa ikiwaka baada ya umeme kukatika katikati ya masasisho. Fundi aliirudisha siku ileile, safi kama iliyotoka kuoga. Rekodi za miezi mitatu zilikuwa zimekwenda na maji hayo. Darasa zima likamlaani fundi. Kweli, alipaswa kuuliza, na mteja asiyeulizwa ana haki ya kukasirika. Lakini laana ile mimi sikuifurahia, kwa sababu ilimwacha mkosaji mwingine anatembea huru. Kwa nini diski ilipangwa hivi kwamba kuutengeneza mfumo na kuangamiza memwari kukawa tendo moja? Fundi yule ana foleni ya wateja. Angekuta sehemu mbili, moja ya mfumo na nyingine imejaa rekodi, angefomati ile aliyoitwa kuitengeneza, na hata kama hakuwa makini ingemlazimu afanye tendo la pili, kwa makusudi, ndipo aziharibu.

Watu watanijibu kwamba programu ya kusakinisha Ubuntu, kwa matoleo mengi, imekuwa na njia ya kuweka mfumo upya na kuacha /home hata katika sehemu moja. Ni kweli. Njia hiyo ipo, na imewaokoa wengi. Lakini inategemea toleo, inategemea programu kuutambua mfumo wa zamani ulioharibika, na inategemea aliyeketi mbele ya skrini kusoma sentensi ndefu ya Kiingereza au ya Kifaransa hadi mwisho wake huku wateja wengine wamesimama mgongoni. Memwari ya mtu siiachi ining'inie kwenye uzi huo.

Pingamizi la vipimo lina nguvu zaidi. Wanasema: ukigawa, utakosea. Utaipa / kidogo mno, ijae, na huku /home ina gigabaiti 200 za hewa tupu. Kugawa upya baadaye kunawezekana, lakini ni kazi ya kutia hofu kwa mtu asiye na nakala nyingine ya faili zake. Hili silibezi. Nasema tu kwamba hesabu yake si ngumu kiasi cha kutukimbiza. Ubuntu ya mezani inashauri nafasi ya gigabaiti 25. Mpe / 40 na mwanafunzi wa Kiswahili, asiyekusanya programu za michezo, atamaliza shahada yake hajaijaza. Inapovimba huvimba kwenye /var, ambamo vifurushi vya programu vilivyopakuliwa hurundikwa hata baada ya kusakinishwa. Amri moja, apt clean, huvifagia. Na hao wanaoogopa / kujaa wasisahau kwamba katika sehemu moja kinachojaza ni filamu. Mtu ananakili mfululizo mzima kutoka kwa rafiki, diski inafika ukingoni, na asubuhi yake skrini ya kuingilia inampokea, inalipokea neno lake la siri, kisha inamrudisha palepale, kwa sababu mfumo haukupata pa kuandikia faili zake za muda. Filamu zikiwa kwenye /home iliyotengwa zinaweza kuijaza /home hadi ifure. Mfumo utaendelea kupumua, nawe utaingia kwa njia nyingine ufute.

Hapa pana jambo dogo ambalo wachache hulijua. Mfumo wa faili wa ext4 hujiwekea asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu, ili mtumiaji wa kawaida asiweze kuibana kompyuta hadi tone la mwisho. Kwenye / hiyo ni busara. Kwenye /home ya gigabaiti 250 ni zaidi ya gigabaiti 12 zilizofungiwa bila sababu, karibu sawa na zile saa 20 za Buyenzi. Amri ya tune2fs yenye chaguo la -m huzirudisha. Mwenye sehemu moja hawezi kuzichukua bila kuuvua mfumo kinga yake.

Sitetei uchu wa kukata diski kama nyama ya harusi. Wapo waliosoma vitabu vya seva vya zamani, nao hutenga /usr, /opt, /tmp, /var na /boot, kila kimoja na ukuta wake, kwenye kompyuta ya mkononi ya mtu mmoja. Hao wako sahihi mahali pengine.

Wapo pia wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kuna Btrfs, ambayo hutenga bila kujenga ukuta mgumu: / na /home huwa mbili, lakini huchota nafasi kutoka kwenye bwawa moja. Fedora ya mezani imeifanya kuwa chaguo-msingi tangu toleo la 33, la mwaka 2020. Vizuri sana. Ila tazameni walichofanya Fedora walipopewa uhuru wa kutojenga ukuta wowote: bado wameitenga /home. Wanaonipinga kwa Btrfs wananiletea shahidi wangu mwenyewe.

Na yule anayesema kutenga sehemu si nakala rudufu, naye namkubalia mara moja. Diski ikifa, sehemu zote hufa pamoja. Mwizi akichukua kompyuta, hachagui. Chandarua hakizuii kuhara, lakini sijaona mtu aliyekitupa kwa sababu hiyo.

Nije kwenye swapu, ambako uvivu wa kufikiri umevaa joho la kanuni. Kumbukumbu ya kompyuta, ile RAM, ikikaribia kujaa, kiini cha Linux huchukua kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, huzihamishia kwenye diski, na zikihitajika huzirudisha. Mahali pa kuzihamishia ndiyo swapu. Iwe kubwa kiasi gani? Muulize fundi yeyote, muulize hata mwalimu wa kompyuta, na utajibiwa kabla hujamaliza swali: mara mbili ya RAM. Muulize kwa nini, na utaona anatazama dari.

Kanuni hiyo ina kwao. Ilikuwa na maana kwenye mashine za miaka ya tisini zilizokuwa na megabaiti 8 au 16 za RAM, ambapo kuzidisha mara mbili kuligharimu kipande kidogo cha diski. Ikapata nguvu mpya mwaka 2001, kiini cha 2.4 kilipotoka, kwa sababu matoleo yake ya mwanzo yaliendelea kushikilia nafasi ya ukurasa kwenye swapu hata baada ya kuurudisha kwenye RAM; swapu isiyozidi RAM ikawa haikuongezei kitu. Uendeshaji huo wa kumbukumbu ulibadilishwa kabla mwaka huohuo haujaisha. Sababu iliondoka, kanuni ikabaki, na leo inamtaka mwenye RAM ya gigabaiti 16 atupe 32 za diski yake.

Tena inafanya kazi kinyumenyume. Inampa swapu kubwa mwenye RAM kubwa, ambaye haihitaji sana, na kumpa ndogo mwenye RAM ndogo. Halafu inaficha tofauti ya kasi. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100; diski ya kuzunguka, kama zile zilizomo kwenye kompyuta kuukuu zinazotufikia kutoka Ulaya, huhitaji takriban milisekunde 10 kuufikia mahali ukurasa ulipo. Hiyo ni pungufu kwa kiasi cha mara laki moja. Kompyuta inayoishi kwa swapu haifanyi kazi, inakoroma. Anayeipa gigabaiti 8 za swapu kwenye diski ya namna hiyo ameirefushia tu mateso kabla kiini hakijaamua kuua programu mojawapo.

Lakini wasichekelee wale wanaosema basi tusiweke kabisa. Bila swapu, RAM ikijaa, kiini huchagua programu ya kuua, na mara nyingi huangukia iliyo kubwa. Kubwa ni nini kwenye kompyuta ya mwanafunzi? Ni kivinjari chenye kurasa 30 zilizofunguliwa, au ni LibreOffice yenye sura ambayo hakuihifadhi. Swapu ya wastani hupokea kurasa zilizolala, programu ulizofungua asubuhi ukazisahau, na kuacha RAM kwa unachokifanya sasa. Kwa RAM ya gigabaiti 4, swapu ya gigabaiti 2 hadi 4 hutosha kwa kazi hiyo. Mwenye mashine dhaifu zaidi atazame zramu, ambayo hubana kurasa ndani ya RAM yenyewe bila kugusa diski.

Swali la kweli kuhusu ukubwa wa swapu halihusu kuzidisha. Ni hili: je, utailaza kompyuta yako usingizi mzito? Kulaza kwa namna hiyo ni kuchukua yaliyomo kwenye RAM, kuyaandika yote kwenye swapu, kisha kuzima umeme kabisa. Ukiwasha tena, madirisha yako yanarudi yalivyokuwa. Huko kwenye nchi za umeme usiokatika hili limekuwa kama anasa, na Ubuntu huliacha limezimwa mpaka mtu aliwashe. Ndiyo maana tangu toleo la 17.04, la mwaka 2017, Ubuntu imeridhika kuweka faili la swapu ndani ya / badala ya kutenga sehemu. Kwao ni sawa. Hapa Bujumbura umeme ukikatika saa mbili usiku hakuna ajuaye utarudi lini, na betri ya kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika miaka sita inakupa dakika 20. Kompyuta inayojilaza yenyewe betri ikifika ukingoni ni kompyuta inayohifadhi sura yako. Kwa hilo swapu lazima iweze kubeba RAM. Picha inayoandikwa hubanwa, na mara nyingi huwa ndogo kuliko RAM nzima, lakini siku imeshiba haitabanika unavyotaka. Ipe ukubwa wa RAM na ziada kidogo. Na iwe sehemu, si faili. Faili la swapu linaweza kutumika kulazia, ila lazima umwonyeshe kiini hasa lilipoanzia kwenye diski, kazi ambayo simtakii mtumiaji mpya. Zramu nayo haiwezi kabisa, kwa kuwa umeme ukizimwa RAM hutoweka na yote yaliyobanwa ndani yake.

Mnaona basi kwamba chaguo-msingi si uamuzi usio na mwenyewe. Kuna mtu aliyeamua, mahali fulani, akiwa na soketi ya ukutani isiyomsaliti. Hatukatazwi kuamua letu.

Kinachotukataza ni lugha, na hapa nawageukia wahadhiri wetu. Skrini ile ya kugawa diski ndiyo ya kutisha kuliko zote katika usakinishaji mzima, ndiyo pekee inayoweza kuangamiza, na ndiyo ambayo mwanafunzi huipita akiwa amefumba macho kwa sababu hana maneno yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuonyesha, kwa mradi wa Kilinux na ile Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, kwamba programu inaweza kusema Kiswahili. Sisi, tunaoandika memwari juu ya uundaji wa istilahi kila mwaka, tumeshindwa kukubaliana hata juu ya jina la kinachogawanywa. Nimesikia kikipendekezwa kizigeu. Napinga. Kizigeu ni kile kiambaza au pazia la kutengea. Hutaja kinachotenga na si kilichotengwa, na hakuna mtu anayehifadhi mali zake ndani ya ukuta. Sehemu ni neno la kawaida mno, najua, lakini mtu akisoma “sehemu ya mfumo” na “sehemu ya kazi zako” ataelewa ni ipi isiguswe. Swapu nayo imetafsiriwa “nafasi ya kubadilishana”, kana kwamba pana soko na wauzaji. Hakuna anayebadilishana kitu pale. Vitu visivyotumika huwekwa kando mpaka vihitajike, na nyumbani kwetu mahali pa namna hiyo huitwa stoo. Atakayeniletea neno bora zaidi nitalipokea, mradi asiniletee kamati.

Likizo hii mashine za chumba cha kompyuta cha idara zitasakinishwa upya. Zina diski za gigabaiti 320, ambazo kompyuta yenyewe huzihesabu kama 298, na RAM ya 4. Naomba atakayeifanya kazi hiyo ahakikishe kwanza kwamba zile faili za wenzetu wa mwaka wa tatu zimenakiliwa, kisha aupite mstari wa kwanza, aipe / 40, aipe stoo 6, na zote zinazobaki, kama 250, aziweke kwenye /home. Halafu abandike vipimo hivyo kwenye ubao wa matangazo, kwa Kiswahili, ili atakayekuja baada yake ajue ni sehemu ipi ya kufomati.